Kikwangulio cha Barafu Mwezi wa Juni

Munich, tarehe 11 Julai

… na ndiyo sababu simu ilikatika siku ile, Dada Burgi, wala si mtandao kama ulivyodhani. Ni mume wangu. Ngoja niandike tena neno hilo nilionje: mume wangu! Alinishika kiuno kutoka nyuma nikiwa nakoroga supu, simu ikanitoka mkononi ikaangukia kwenye sinki. Kwa hiyo yale tuliyoyaanza nayamalizia hapa, maana yamebaki mengine ambayo simu haiyawezi.

Kwanza, u hali gani? Mgongo umepoa? Baba anakula? Paka bado analala ndani ya kofia yake? Sisi huku ni wazima na tumejaa furaha hadi majirani wanatuonea aibu. Korbinian sasa amepangiwa njia ya tramu inayopita chini ya dirisha letu. Kila akipita hugonga kengele, abiria wanashtuka wakidhani kuna mtu relini, kumbe dereva anamsalimia mkewe! Mimi hutokeza dirishani na taulo kichwani nikampungia. Bibi Ostermeier wa ghorofa ya chini, yule mkaguzi wa maegesho, ameniambia kwamba siku moja ataniandikia faini kwa kuzuia barabara kwa uzuri. Nimecheka hadi nikakaa chini.

Picha za harusi zimefika wiki mbili zilizopita, zile alizopiga Leonhard, binamu yake Korbinian. Nimezitazama zote nikalia upya. Siku ile, Dada, nilikuwa mrembo. Hata nikiwa na jani la kabichi kwenye shela.

Wewe ulitangulia mjini na wageni, kwa hiyo sehemu ya njiani umeisikia vipande vipande tu. Tulitoka Miesbach vizuri, Baba kavaa suti yake ya kijivu, gari lake la zamani la dizeli linang'aa, maua uliyoyafunga wewe mwenyewe kwenye boneti, utepe mweupe kwenye vioo. Malori yalitupigia honi njia nzima, na Baba akawa anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kama mfalme. Tulipofika barabara ya mzunguko, palipo na alama ya kuingia eneo la hewa safi, akatupia jicho kona ya kioo cha mbele, kama alivyotufundisha sisi na nusu ya watu wa Miesbach kufanya. Akakanyaga breki. Stika ya kijani, kile kibali cha kuingia mjini, haikuwepo.

Nilimwambia aende tu, ni faini, tutalipa, nani atamsimamisha bibi harusi? Unamjua. Alisema miaka yote aliyofundisha udereva aliwaambia watu kwamba alama ile ni ukuta, na leo hawezi kuupita ukuta kwa sababu bintiye kavaa nyeupe. Nikamlilia, “Baba, ni harusi yangu!” Akanijibu kwa sauti ya chini kabisa, “Najua, mwanangu. Lakini hilo gari haliingii.” Akashuka, akasimama mbele ya ile alama kavua kofia, kana kwamba ingemhurumia. Na wewe unajua ofisi ya ndoa ya mjini ilivyo. Ukichelewa zamu yako, wanaingia wenzako, na wewe unarudi baada ya miezi.

Ndipo akatokea yule mama wa mboga na gari lake la matairi matatu, kama bajaji yenye kichanja nyuma, kimejaa kabichi na vitunguu. Akapunguza mwendo akaniuliza, “We bibi harusi, unauza nini hapo barabarani? Kama ni bwana, nipimie kilo mbili!” Baba alikuwa analia, Dada, lakini alipoliona lile gari machozi yakakatika. Akahesabu matairi kwa kidole, akatangaza kama yuko mbele ya darasa kwamba la matairi matatu halidaiwi stika. Kisha akachungulia ndani kuhakikisha kiti cha pili kina mkanda. Ndipo akaniruhusu kupanda. Kwake yeye kiti hakikuwepo. Akabaki kutafuta mahali halali pa kuegesha, nje ya mpaka.

Nilifika nikinuka kitunguu. Korbinian alishuka ngazi mbili mbili, akaninusa shingo na kusema nanukia supu ya Jumapili na kwamba atanioa mara mbili. Watu walicheka wote. Wote ila wewe. Leonhard amenisimulia kwamba kabla sijafika ulikuwa unatazama saa na kuwaambia wageni kuwa mdogo wako huyu huchelewa hata kwenye kuzaliwa, na ukamnong'oneza Korbinian kuwa labda nimebadili mawazo. Nilidhani ni utani wako wa kawaida.

Tukatia saini. Nilipogeuka kumtafuta Baba, kiti chake kilikuwa kitupu. Alifika kwa tramu tayari tunatoka mlangoni, anahema, ua la kwenye koti limeanguka. Hakuniona nikisema ndiyo. Jambo hilo halitarudi tena, Dada, hata nikiolewa mara mbili.

Tangu siku hiyo anaamini akili yake inamtoka. Anasema alibadilisha kioo majira ya kuchipua akasahau kubandika stika mpya, na mtu anayesahau hivyo hafai kushika usukani. Gari alituachia, hajaliulizia hata siku moja. Jumatatu ya kwanza ya Agosti atairudisha leseni yake ofisini. Wewe unaishi naye. Unamsikia kila jioni akijiuliza mezani amepotelea wapi, nawe unampitishia chumvi.

Sasa nirudi kwenye picha. Ipo ile ya jioni ya kuvunja sahani za kuombea ndoa heri, kabla ya harusi, jua bado kali, mimi na Korbinian tunafagia vigae uani. Nyuma yetu gari la Baba, na kwenye kona ya kioo inaonekana stika, ya kijani, mpya, na namba ya gari imeandikwa kwa mkono wa Baba mwenyewe. Hakusahau chochote. Kisha ipo picha nyingine, baadaye kidogo. Wewe umeegemea boneti na maua yako, na mkononi umeshika kikwangulio cha barafu, kile cha kusafishia vioo vya gari wakati wa baridi. Mwezi wa Juni! Dada yangu, ulikuwa unakwangua barafu gani?

Nilikwenda kwenye yadi tulikoliegesha gari. Kikwangulio kilikuwa chini ya kiti, kile chenye picha ya jino, mnachowagawia wagonjwa wa kliniki yenu. Ubapa wake bado una vipande vya kijani.

Najua kwa nini. Korbinian alipokuja kwetu kujifunza gari, wewe ndiwe uliyemwokea keki ya plamu kila wiki. Ungeniambia, ningelia nawe usiku kucha. Hukuniambia. Ulitaka anisubiri ngazini mbele ya watu nisitokee. Mimi nilitokea, na shida yangu ikaishia hapo. Ulichomfanyia Baba, hicho siwezi kukusamehe.

Basi na mimi nikuungamie langu. Zile barua za faini unazolalamikia, kwamba sijui nani amekukalia macho pale unapoegesha kazini hapa Munich, ni mimi. Ulipochukua namba mpya zenye herufi za jina lako na siku yako ya kuzaliwa, ulisahau stika. Yako bado ina namba za zamani, na stika isiyolingana na namba za gari ni faini. Niliiona siku tunahamisha kabati. Baada ya picha kufika, nilimkaribisha Bibi Ostermeier keki nikamtajia mtaa na saa. Kwa faini ya pili nilimkatia kipande kikubwa zaidi. Sijutii, na keki bado ipo.

Msalimie paka, wasalimie wenzako wa kliniki, na Baba mbusu upara wake kwa ajili yangu. Korbinian anakusalimia shemejiye. Hajui lolote, wala sitaki upendo wetu uchafuke kwa habari hii kama si lazima. Yeye amebandika stika mpya kwenye gari la Baba, imenyooka utadhani kaipimia rula.

Tutakuja nalo Jumapili ya mwisho, kabla mwezi haujaisha, saa ya kahawa. Ninaleta keki ya plamu. Nikiingia nimkute Baba anacheka, anajua kwamba akili yake ni nzima na amejua kutoka mdomoni mwako, nitakukatia kipande cha kwanza. Nikimkuta bado ameinamisha kichwa, nitaweka kando ya sahani yako, mbele yake, kikwangulio kimoja chenye picha ya jino. Nimeshakifunga utepe mweupe wa harusi yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Vroni, mke wa Korbinian