Mama Mkwe Aliyekula Mchana Mara Mbili

Mtoni, Unguja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, watoto wazima, na baba yao mzima ijapokuwa bado ana haya kidogo usoni. Nijulishe hali yako, na lile goti, na kama mvua imekubali kunyesha huko Kilwa. Fatuma mdogo wangu, wewe unayesoma, usirukie mwisho kama kawaida yako. Msomee mama polepole.

Najua barua yangu iliyopita ilikutia simanzi. Ukapiga simu mara nyingi, nami nikawa najibu "salama, salama" tu. Simu nilikuwa nasemea uani, na uani kwetu wakati ule kulikuwa na masikio ya pande mbili. Leo naweza kusema yote. Yamekwisha, mama. Nimeshusha pumzi.

Nyumba yetu unaijua tangu ulipokuja kwenye arubaini ya mtoto. Upande mmoja sisi, upande wa pili shemeji Makame, kaka wa mume wangu Haji, pamoja na mkewe Zuhura. Katikati ua wa kupikia na chumba cha mama mkwe wangu, Bi Mize. Nilikwambia kwamba wakubwa wa chama huku wilayani, mwenyekiti na katibu wake, waligombana hata wakawa hawaketi meza moja. Wao waligombania vyeo vyao, na sisi huku chini tukanuniana kwa niaba yao. Tawi letu likagawika, hawa watu wa Mwenyekiti, wale watu wa Katibu. Sare moja, kadi moja, nyimbo zile zile, na mtu akipita kwenye baraza ya wenzake hatoi salamu. Ulipofika uchaguzi wa mwenyekiti wa tawi, watu wa Mwenyekiti wakamsimamisha Haji wangu. Watu wa Katibu walipoona hivyo, wakamtafuta Makame.

Ndugu wa tumbo moja, mama. Haji akitoka kazini Kizimbani, kwenye mikarafuu ya serikali, haingii ndani, anakwenda moja kwa moja barazani kwao kupanga mikakati. Makame akifunga duka lake la vitambaa kule Mji Mkongwe, naye kwao. Halafu Makame akaleta mabati akaukata ua katikati. Nilidhani Haji atakasirika. Akasema afadhali, maana hata yeye alikuwa na wazo hilo.

Lakini mabati hayakuniumiza kama kiapo. Kila mmoja aliapa kwamba mwenzake akishinda, yeye anahama na mama anamchukua. Makame alishapata nyumba ya kupanga Kidichi. Haji naye alikuwa akiulizia chumba huko Kizimbani. Kwa hiyo ashinde huyu ashinde yule, Bi Mize angetolewa kwenye nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi, na hao ndugu wasingezikana. Nililia peke yangu jikoni, nikasingizia moshi.

Bi Mize mwenyewe hakusema kitu. Alikula tu. Mchana anakula kwangu, anamaliza, ananawa, anatoka mpaka barabarani kuyazunguka mabati, anaingia kwa Zuhura anakula tena, ili asiwepo mtoto wa kusema mama kamsusa. Mwanamke wa umri ule! Nikaanza kumpakulia kidogo, Zuhura naye akapunguza, mpaka Haji akanigombeza kwamba namnyima mama yake chakula. Alasiri ulikuwa ukimkuta kajilaza kwenye mkeka anahema, na ukimuuliza anasema ni joto.

Mimi na Zuhura hatukuwahi kugombana. Waume wakienda kazini tulikuwa tukipitishiana chumvi na nazi juu ya mabati. Siku moja tukaulizana, hivi wako anawategemea nani na nani? Akanitajia wa kwake, nikamtajia wa kwangu. Walikuwa watu wale wale. Muuza samaki alimwahidi Haji kwa kumshika mkono, na alimwahidi Makame kwa kumshika mkono. Fundi cherehani aliwaahidi wote wawili na akawaombea dua wote wawili. Watu wa huku unawajua, hawamkatalii mtu usoni. Ukimwambia unamtegemea, atakujibu inshallah na kahawa juu. Kumwambia mtu kwamba humpi, naye kakutazama, hilo kwao ni kukosa adabu.

Nikamweleza Haji. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Zuhura katumwa akutie hofu," akasema.

Zuhura naye alijibiwa vivyo hivyo kuhusu mimi. Hao ndugu wanafanana kuliko wanavyojua.

Sasa, kanuni za chama zilitaka majina yawe matatu, basi likaongezwa jina la Mzee Vuai, mstaafu wa bandarini, wa kusindikiza tu. Hakumwomba mtu kura. Siku ya kujieleza alisimama akataja jina lake, akasema kifua kinambana, akakaa.

Asubuhi ya uchaguzi mimi na Zuhura tuliamrishwa tupike pilau ya ushindi, kila mmoja upande wake wa mabati. Nilipika huku naomba jambo ambalo nisingethubutu kumwambia mume wangu, kwamba asishinde yeye wala asishinde kaka yake. Zuhura alipokohoa upande wa pili nilijua na yeye anaomba hilo hilo. Bi Mize, ambaye kadi yake ya chama ni ya tangu ujana, alijitanda kanga yake mpya akaenda kupiga kura.

Akashinda Mzee Vuai. Na hakushinda kwa kubahatisha, aliwaacha mbali. Mtu aliyewaahidi wote wawili aliona haya kumsaliti mmoja, basi akawasaliti wote sawasawa.

Haji alirudi akakaa kizingitini bila kuvua viatu. Nilimsikia Makame naye anavuta kiti upande wa pili. Masufuria mawili ya pilau, na mgeni hata mmoja hakuna. Bi Mize akaingia, akasimama mbele ya mabati.

"Yatoweni haya," akasema. "Leo sizunguki."

Wakayatoa, mmoja akishika huku na mwingine kule, bila kusemezana. Tukatandika mkeka mmoja, pilau zote tukazipakua kwenye sinia moja. Walikula wakitazama wali. Mwishowe Makame akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, hivi hata muuza samaki? Haji akainua kichwa. Akamuuliza kama na yeye alishikwa mkono. Basi hapo ndipo walipofunguka. Wakawataja mmoja mmoja, fundi cherehani, mwenye duka la sukari, yule jirani aliyekula kiapo, kila jina wakilisikitikia pamoja kama waliofiwa na mtu mmoja. Bi Mize alitafuna mpaka akameza.

"Na mie ntieni humo," akasema.

Haji akasema taratibu kwamba yeye mama alimwahidi. Makame akasema hata yeye.

"Nimekuzaeni nyote wawili," Bi Mize akasema. "Mlitaka nimwache nani?"

Makame alianza kucheka mpaka wali ukampalia. Haji aliinamisha kichwa magotini, mabega yakawa yanatikisika, nikadhani anacheka. Hakuwa anacheka, mama. Kaka yake ndiye aliyempa maji.

Nyumba ya Kidichi Makame ameiacha. Mabati tumejengea banda la kuku. Wakubwa huko wilayani bado hawapikiki chungu kimoja, na sijui chama chao kitafika wapi namna hiyo. Ila Mzee Vuai, kwa kuwa kifua hakimruhusu kuhutubia, amewaomba Haji na Makame wamsaidie kusema, na jioni wanatoka pamoja.

Nisalimie kaka Shomari na mashine yake ya kusaga, shangazi wa maandazi, na mjomba aliyenitabiria kwamba nitarudi Kilwa na mabegi. Mwambie mabegi yapo juu ya kabati.

Bi Mize anakusalimu sana. Jana alikula kwangu, na alipokuwa ananawa Zuhura akamwita aende kwake, kapika muhogo wa nazi. Aliitika "Naam," akajifuta mikono kwa kanga, akamjibu, "Nshakula, mwanangu." Na wala hakunyanyuka.

Mwanao akupendaye,
Somoe