Skrubu Kiunoni mwa Signe

Fernie,
Mwishoni mwa Julai

Kaka yangu Myron,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Halya na watoto wote. Nimesikia mvua ya mawe imepita kando ya shamba lenu na ngano imesalimika, nimefurahi sana. Mgongo wako unaendeleaje? Usinifiche kama ilivyo desturi yako, maana Halya hunisimulia kila kitu.

Ukiuliza hali yangu, mwili ni mzima kuliko ulivyowahi kuuona. Shati nililovaa siku ya ubatizo wa binti yenu sasa halinipiti mabegani. Moyo ndio umekataa kutulia. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ungetia utani, nami ningecheka, na neno lenyewe lingebaki kooni. Kwa hiyo nimeketi niandike.

Unakumbuka shemeji yako Signe alivyovunjika nyonga mwaka juzi katika mbio za kuteremka mlima kwa baiskeli. Alikaa nyumbani majira yote ya baridi, kwanza kitandani, kisha kwenye magongo. Alipoanza kutembea mwenyewe aliniambia amepata kocha wa kumrudishia nguvu. Sikupinga. Nilidhani anazungumzia nguvu za kupanda ngazi na kubeba mifuko ya sokoni.

Kocha huyo anaitwa Rémi Ouellette, mtu wa Quebec, na jimu yake iko kwenye gereji ya zamani ya matairi nyuma ya barabara kuu. Wanaokwenda pale karibu wote ni watu wa baiskeli za mlimani. Tangu Signe aanze, nyumbani kwangu likahamia neno "Rémi anasema". Nikichemsha pirohi, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani, kama anavyozipika mama, naambiwa Rémi anasema leo nyama kwanza. Nikiwasha televisheni tukae pamoja, Rémi anasema usingizi nao ni mazoezi. Kaka, nilimchukia yule bwana kabla hata hatujashikana mikono.

Siku moja Signe alisahau viatu vyake vya mazoezi, nikampelekea. Kabla sijagonga nilichungulia dirishani. Shemeji yako alikuwa amejitwika chuma mabegani, amechuchumaa, na Rémi yuko nyuma yake, viganja vyake viwili vimekishika kiuno cha mke wangu. Wanacheka. Nilirudi nyumbani na vile viatu mkononi. Alipoviulizia jioni nikasema sikuviona. Wiki iliyofuata nami nikajiandikisha kwenye jimu hiyo, nikamwambia eti kazi ya kuchomelea magari ya mgodini inaniua mgongo.

Nilipoingia, mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Wilma, mama mwenye wajukuu, dereva wa basi la shule, ambaye bado anashindana na wanawake wa umri wake. Akapaza sauti kila mtu asikie: "Haa! Mlinzi wa mali amefika! Lorne, baba, umekuja kunyanyua chuma au kuhesabu vidole vya Rémi?" Gereji nzima ikaangua kicheko. Signe naye alicheka, ila macho yake hayakucheka.

Mazoezi yenyewe yalinivua kiburi. Nilikuwa nikidhani kuteremka mlima ni kukaa tu na kuiacha baiskeli ishuke. Kumbe hawakai hata kidogo. Wanasimama juu ya pedali toka kileleni mpaka chini, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, huku mawe yakiwapiga kutoka chini. Rémi hufundisha kwamba baiskeli inataka kukutupa na miguu ndiyo inayokataa. Ukiiachia mikono kazi hiyo, itafura na vidole vitashindwa hata kukamata breki. Basi tukanyanyua chuma kutoka sakafuni. Tukabeba mitungi ya chuma huku na huku, tukavuta utepe wa mpira kwa shingo, tukaruka kutoka juu ya boksi na kutua bila kishindo, kama paka. Mwisho tulining'inia kwenye bomba mpaka vidole vifunguke vyenyewe. Mimi nilidondoka mapema kila mara. Signe alibaki anabembea, amefumba macho, uso umetulia, mimi nikiwa chini yake nimeshika magoti natweta. Usinicheke, lakini nililionea wivu hata lile bomba.

Nilimchunguza Rémi miezi yote hiyo. Alinishika mimi kiuno vilevile alivyomshika yeye, akamshika Wilma, akamshika kila mtu. Sikuona jambo, na kutoona kulinitesa zaidi ya kuona.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Signe aliweka uma wake mezani tukiwa tunakula, akasema mwezi wa saba atashindana, kwenye mlima uleule. Nilimkumbusha alivyolia hospitalini. Akanijibu kwa upole kwamba anakumbuka vizuri kuliko mimi, kwa sababu mfupa ulikuwa wake.

Kesho yake nilimfuata Rémi kabla wengine hawajafika. Nilimwambia amemdanganya mke wangu, na kwamba nimeona mikono yake inapokwenda. Hakukasirika. Alizima redio, akafuta mikono kwa taulo, akasema: "Sikiliza, Lorne. Mimi nikishika kiuno cha mkeo nasikia zile skrubu alizotiwa mfupani hospitalini. Upande wa kushoto ukilegea hata kidogo lazima nijue, maana huko mlimani ataangukia palepale. Wewe umewahi kuzigusa?"

Tangu atoke hospitalini sikuwahi kuweka mkono wangu mahali pale. Kila mara nilijiambia naogopa kumuumiza.

Siku ya mbio ilikuwa ya jua kali na vumbi. Watu walijipanga kandokando ya njia na kengele za ng'ombe na masufuria ya kugonga. Nilikwenda kusimama chini ya lile eneo la mawe alikoangukia mwaka juzi, mahali njia inapotokeza kutoka msituni. Waendeshaji waliachiwa mmoja mmoja. Nilisikia jina la Signe likitangazwa kule juu, nikajua ameondoka langoni. Kwa wale waliomtangulia nilikuwa nimeshaupima, kwa mapigo ya moyo wangu, muda wa kutoka langoni mpaka pale. Muda wake ukafika, njia ikabaki tupu. Ukapita. Wilma, aliyekuwa kando yangu, akaacha kugonga sufuria lake.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia padri. Pale nilipokuwa nimeushika wavu wa kuzuia watu, sikuomba Mungu amnusuru. Niliomba awe ameanguka. Nisingependa afe, na wala nisingependa aumie sana. Nilitaka aanguke kiasi tu cha kumfanya arudi nyumbani moja kwa moja, baiskeli iuzwe, "Rémi anasema" iishe, nami nimpate tena. Niliomba hivyo kwa maneno kamili, midomo yangu ikitembea.

Ndipo akachomoka msituni. Tairi la mbele lilikuwa linavuja upepo na baiskeli inayumba kama mlevi, lakini miguu yake ilikuwa imeikatalia. Alipita juu ya yale mawe kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akipita hata kabla ya kuvunjika. Watu walipiga kelele mpaka masikio yakaziba. Alimaliza wa tano, na tairi bovu. Wilma alinikumbatia huku analia, akinipongeza, nami nikazipokea pongezi zake.

Kwenye maegesho tulikaa nyuma ya pikapu yangu, kofia yake ngumu katikati yetu. Alinitazama akaniuliza kwa nini uso wangu uko vile. Nikamwambia. Sijui nguvu ilitoka wapi, lakini nilimwambia yote, hata sehemu ya midomo.

Hakupiga kelele. Alivua glavu moja, kisha ya pili, akazipanga juu ya goti. Kisha akasema: "Nilijua, Lorne. Ulipokuwa ukinilisha uji kitandani, ukinisukuma kwenye kiti cha magurudumu, ukinivalisha soksi, ulikuwa unaimba. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kukuona na raha kama majira yale ya baridi."

Myron, nilitaka kukana. Nikatafuta ndani yangu la kukana nalo, nikakuta ni kweli. Nilikuwa nikiimba. Nilimpenda sana mke wangu alipokuwa hawezi kwenda popote.

Nilimwomba msamaha. Akasema ameusikia, na kwamba kuusikia si kuupokea. Kisha akauchukua mkono wangu, akauweka nyongani mwake, chini ya fulana, juu ya kovu la upasuaji. Nilizihisi skrubu, ngumu chini ya ngozi yenye joto. Akaniacha niziguse kwa muda, halafu akaurudisha mkono wangu gotini kwangu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa.

Juzi ameondoka na Wilma kwenda Quebec kwenye mbio za taifa. Rémi yuko hapa na jimu yake, kama ulikuwa unataka kuuliza. Nilitaka kwenda, akakataa. Alisema hawezi kuteremka mlima huku akijiuliza mimi nimesimama wapi na ninaomba nini.

Tafadhali usimsomee mama barua hii. Mwambie tu Signe anaendelea vizuri na mimi nakula. Nisalimie watoto, na umwambie Halya nashukuru kwa jamu aliyonitumia. Nawe punguza kubeba magunia. Nyanyua kwa miguu, usinyanyue kwa mgongo, hilo sasa naweza kukufundisha.

Kabla gari halijaondoka nilimuuliza Signe kama ndoa yetu ipo au haipo. Alifunga mkanda, akashusha kioo, akasema, "Nitakaporudi, tutazungumza." Hakusema nikirudi, kaka. Alisema nitakaporudi. Nalala na neno hilo, naamka nalo.

Mdogo wako akupendaye,
Lorne