Zabuni ya Tovuti ya Dagaa

Mpwa wangu Leonida,

Huku Kibirizi hatujambo. Juzi nilivua kuhe mkubwa mpaka mtumbwi ukalala ubavu, uliza yeyote.

Ile zabuni ya kutengeneza upya tovuti ya ushirika wetu nimeitangaza. Uliiandika vizuri: wanunuzi wetu ni akina nani, wanakosa nini, kazi iishe lini. Mimi nikaona imepooza. Nikafuta pale uliposema mnunuzi atenganishiwe dagaa walioanikwa juu ya chanja na wale walioanikwa mchangani, maana mchanga niliona aibu kuutaja. Nikaandika tunataka tovuti kubwa kuliko zote za ziwa hili, yenye samaki wanaoruka.

Basi makampuni yote yameleta samaki wanaoruka. Mkutanoni Mama Shadia, aliyejenga chanja zake mwenyewe, akaniuliza: "Mzee Nehemia, mteja atajuaje dagaa wangu hawana mchanga? Nani kaandika hii?"

Ulimi wangu ukasema, "Leonida, wa Dar."

Wakacheka. "Msomi huyo! Kasahau hata tunavyoanika!" Nami nikacheka nao. Mama yako alikuwa pale, akainamisha kichwa.

Nimekukosea, mwanangu. Nitumie tena andiko lako. Jumamosi ushirika unaamua. Nitalisoma neno kwa neno, bila kuongeza langu, kisha niseme nani alilifuta na nani alikusingizia.

Lakini unanijua mimi mjomba wako. Ukiona jioni ya Jumamosi imefika na sijakupigia, mpigie Mama Shadia umwambie ukweli mwenyewe.

Nisamehe,
Mjomba Nehemia