Namba Sita wa Siku Hizi Hugeuka

Kitwe, Zambia
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Baba. Na Mama nampa shikamoo yake hapa hapa, maana najua ameketi karibu nawe akisubiri umalize kusoma akuulize, "Anasemaje?" Goti linakwendaje sasa baridi ya asubuhi imeanza? Tumbaku imekauka na kutoka banini salama, au mvua ile ya mwisho iliwaharibia? Mimi mwili ni mzima. Nautaja mwili kwanza ili usihangaike, maana mengine katika barua hii si mazima sana.

Nimeamua kuandika kwa karatasi. Simu haikufai tangu masikio yaanze kukusumbua, na nikituma ujumbe Mama akusomee, najua anaruka maneno anayodhani yatakuumiza. Haya nataka uyasome mwenyewe, hata kama yatakuudhi. Namkabidhi Sospeter, dereva wa lori, mtu wa Nzega, ambaye atapitia Tabora wiki hii. Ataiacha kwa dada Perpetua pale Itetemia, naye atakuletea Ulyankulu.

Baba, nilikudanganya. Mwezi wa pili uliponipigia ukaniuliza kama nacheza, nilipaza sauti mpaka jirani akagonga ukuta: "Nacheza, Baba, nacheza kila wiki!" Sikuwa nacheza. Nilikuwa nimekaa benchi mechi ya tisa mfululizo. Na najua ulivyotoka hapo ukaenda kuwaambia wenzako kanisani. Perpetua alinisimulia jinsi walivyokupongeza.

Ilianza baada ya Krismasi, alipokuja kocha mpya, Mreno mmoja mfupi, mpole wa sauti. Siku ya kwanza ya mazoezi alitupanga duara akawa anamuuliza kila mtu anacheza nafasi gani. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Namba sita. Kiungo mkabaji."

"Kazi yako ni nini?"

Nikamjibu kama ulivyonifundisha wewe pale uwanjani kwetu, neno kwa neno. "Kunyang'anya mpira na kumpa anayejua kuucheza."

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Alinitazama kidogo akauliza, "Na wewe hujui kuucheza?"

Miaka kumi na miwili nalipwa kwa kazi hii, Baba, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Nikueleze ilivyo siku hizi, maana kwenye luninga huwezi kuona vizuri. Zamani zako, na hata nilipoanza mimi, kipa alikuwa anapiga mbali na namba sita anagombania kinachodondoka. Tulikuwa tunaitwa wakata umeme, na mtu akikatiwa umeme mara mbili haji tena upande wako. Sasa kipa hapigi. Anampa beki wa kati, beki ananipa mimi, nami wakati huo nimeligeuzia mgongo lango la wapinzani, na kuna mtu anakuja kwa kasi nyuma yangu simwoni. Nikiurudisha kwa beki, nimewakaribisha wote watukabe kwetu. Nikiupiga mbali, kocha anakunja mikono. Inatakiwa nigeuke nao na nitoe pasi ya mbele kabla yule hajafika. Mashambulizi yote yanaanzia kwangu. Na ukitaka kugeuka lazima uwe umeshatazama nyuma ya mabega yako mara kadhaa wakati mpira bado uko njiani. Wanahesabu, Baba. Msaidizi wake aliniwekea video akaisimamisha. Kabla ya kupokea mpira mmoja, mimi nilikuwa nimetazama nyuma mara moja. Mwenzangu, mara tano.

Mwenzangu huyo anaitwa Mwansa, ana miaka ishirini na miwili. Ndiye aliyechukua nafasi yangu. Ni mwembamba, ukimsukuma kidogo anaruka kama karatasi, lakini mpira ukimfikia anaonekana kama mtu aliyekaa nyumbani kwake. Unakumbuka mwaka juzi nilipokuja likizo, tukaenda pamoja kwenye kibanda kutazama mechi ya Ulaya? Ulisema kwa sauti, "Namba sita wa siku hizi anacheza kama anaogopa kuchafua kaptula!" Kibanda kizima kikacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Mtu wa aina hiyo uliyokuwa unaicheka ndiye Mwansa. Na ndiye mtu ninayetakiwa niwe ili nisifungashiwe virago.

Nilimchukia. Nisijifanye mtakatifu. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa msimu, umri unagonga thelathini, na huku hakuna timu inayotafuta mtu wa kunyang'anya tu. Kila asubuhi kabla ya mazoezi nilikuwa nawaza: narudi Ulyankulu na begi la daluga, nasema nini? Unawaambia nini watu wako?

Siku moja baada ya mazoezi, wengine wameenda kuoga, Mwansa alinifuata nikiwa navua soksi.

"Mkubwa," akasema, "nikuonyeshe kutazama?"

Nilitaka kumtukana. Nikamuuliza, "Kwa nini unisaidie? Unajua fika nikijua hiyo nakunyang'anya nafasi."

Akakaa chini kwenye majani. "Kwa sababu wiki iliyopita yule mshambuliaji mnene wa wapinzani alinitupa mara nne, na mara ya nne wakafunga. Kocha hajui kufundisha kukaba, anajua mpira ukiwa kwetu tu. Wewe unajua. Nifundishe, nami nikufundishe."

Basi ndivyo tulivyofanya, kwa wiki nyingi. Yeye anasimama nyuma yangu ananyoosha vidole, mtu mwingine ananitumia pasi, nami kabla mpira haujagusa mguu lazima nitaje vidole ni vingapi. Mwanzoni nilikuwa nabahatisha tu. Shingo iliniuma kama niliyebeba gunia. Halafu tunabadilishana, namfundisha ile yako: usimwendee mtu kwa mguu, mwendee kwa kiuno; mguu ndio wa mwisho kufika. Nilimsimulia ulivyokuwa unanizuia kugusa mpira mazoezi mazima, nikae tu kati ya mtu na goli. Alicheka sana, lakini aliyashika. Juzijuzi nimemwona akimkaba mtu mara mbili ya uzito wake, na kile kiuno alichoingiza kilikuwa chako kabisa. Nilisimama kwenye benchi kushangilia, kisha nikakumbuka kwamba amekalia nafasi yangu.

Sasa nikusimulie mechi yenyewe. Mwansa alifungiwa kwa kadi za njano, na mechi ilikuwa dhidi ya vinara wa ligi, uwanja umejaa. Kocha akanipa jezi bila maneno mengi. Nilitapika chooni kabla ya kutoka, usimwambie Mama.

Robo saa ya kwanza nilienda vizuri. Kisha kipa wetu akamsukumia beki, beki akanipa mimi. Nilikuwa nimetazama, Baba, nakuapia nilikuwa nimetazama, na nilijua yule mtu yuko upande wa kushoto. Nilitakiwa nigeukie kulia, basi. Lakini mpira ulipofika nikasikia sauti yako kichwani, waziwazi kama uko pembeni ya mstari: "Piga mbali!" Na kocha kweli yuko pembeni ya mstari anasema, "Geuka!" Mguu ukashindwa kumtii yeyote. Ukakanyaga mpira tu. Yule jamaa akauokota kama aliyeokota kilicho chake, hatua tatu, goli.

Mtu mmoja jukwaani alipiga kelele, "Rudi Tanzania!" Wenzangu hawakunitazama usoni. Hilo liliniuma kuliko kelele za yule.

Wakati wa mapumziko nilianza kufungua kamba za daluga, nikijua natolewa. Kocha akaja akachuchumaa mbele yangu. "Unafanya nini?"

"Navua."

"Funga," akasema. "Ukiupoteza tena, upoteze ukiwa umetazama mbele. Kule nyuma umeshapoteza."

Kipindi cha pili niliogopa kuomba mpira. Nilijificha nyuma ya mtu wao mara mbili, beki wetu akanifokea. Mara ya tatu nikatoka nikaomba. Ukaja. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikamsikia anavyokuja, nikauacha mpira upite mbele ya mwili wangu nikazunguka nao. Baba, sijui nikuambieje. Uwanja wote ulikuwa mbele yangu, na hakukuwa na mtu. Miaka yote hiyo nilikuwa nausikia tu mgongoni. Nikampa winga wetu pasi ya chini, naye akakata krosi, tukasawazisha. Mechi ikaisha sare, bao moja kwa moja. Sikufunga, na jina langu halikutajwa redioni. Lakini nilitoka uwanjani nikiwa bado natazama nyuma ya mabega yangu.

Hapo niliacha kuandika, kwa sababu niliambiwa nitaitwa ofisini, na sikutaka kukutumia barua yenye mkia uliokatika.

Leo ni Jumanne. Nimetoka huko sasa hivi. Kocha hakunizungusha. Msimu ujao Mwansa ndiye namba sita wa kwanza. Mimi napewa mwaka mmoja, nikiwa wa pili baada yake, na asubuhi mbili kwa wiki niwafundishe viungo wote wa timu kukaba. Alisema, "Kugeuka utaendelea kujifunza. Kukaba hakuna anayekushinda hapa." Nimesaini. Kwa hiyo sifukuzwi, na pia mimi si yule mwanao uliyewatangazia kanisani. Nakuomba uwaambie ukweli, au ukiona vigumu, wasome barua hii wenyewe.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Nimelizunguka kurasa zote hizi.

Perpetua ameniambia mdogo wangu Konsolata ameitwa kufanyiwa majaribio na timu ya wanawake ya Tabora mjini, mkishamaliza kuuza tumbaku. Namba sita, kama sisi. Akanitumia video aliyoichukua mkiwa uwanjani, wewe umesimama na fimbo yako pembeni. Nimeitazama mara nyingi kuliko video zangu zote. Yule mtoto anakaba, Baba! Anaingiza kiuno kwanza. Alimnyang'anya binti mkubwa kuliko yeye bila hata kumgusa kifundo. Halafu, mpira uko mguuni mwake, hakuna mtu karibu, uwanja wote mweupe mbele yake, akaupiga kwa nguvu zote ukaenda kupotelea kwenye miti. Na wewe ukampigia makofi.

Baba, wakimwona hivyo mjini watamshukuru na kumrudisha. Watasema anajua kunyang'anya lakini hajui la kufanya akishanyang'anya. Mimi nimeambiwa maneno hayo hayo nina miaka ishirini na tisa, yeye ataambiwa akiwa na kumi na saba. Naogopa atayaamini.

Sisemi ulinifundisha vibaya. Ulichonifundisha kimenilisha miaka kumi na miwili, na leo ndicho kilichonibakizia kazi. Lakini kimekuwa nusu, Baba. Nusu nyingine haikuwapo wakati wako. Msimamishe Konsolata katikati, Mama akae nyuma yake anyooshe vidole, wewe mrushie mpira, na asiuguse kabla hajataja vidole ni vingapi. Na akipoteza akiwa anageuka, tafadhali usimfokee. Mwache apoteze. Ukiona goti halikuruhusu, mwambie tu kwamba umeruhusu, mimi nitamwelekeza kwa simu. Ila bila ruhusa yako hatanisikiliza, na mimi sitamfundisha kwa kificho.

Nimelala na maneno haya tangu Jumapili kuliko nilivyolala na habari za mkataba. Sijawahi kukuambia jambo ambalo hukuniambia wewe kwanza.

Mpe Mama salamu zangu, mwambie sweta alilofuma linanifaa huku asubuhi. Msalimie baba mdogo Onesmo anayekesha na moto wa mabani, na mama mkubwa wa kigango, aliyenisimamia ubatizo akanipa na sukari guru. Perpetua na shemeji nimewaandikia kikaratasi chao. Konsolata mwambie kaka yake ameona kiuno chake, na kimempendeza.

Ukishasoma, nijibu kwa mkono wako, hata mistari miwili, Sospeter anarudi baada ya wiki tatu. Nikosoe nilipokosea. Nikaripie ukitaka, nimeshazoea sauti yako. Ila usininyamazie, Baba.

Mwanao anayekuheshimu,
Yohana