Somo la Kwanza la Mwalimu Sanae Hirooka

Mwaka umekatika, Sanae wetu, tangu asubuhi ile ya theluji ulipotutoka. Jana ibada yako ya mwaka imefanyika, uvumba umewaka, na machenza tumeyapanga mbele ya picha yako. Anayeandika ni dada yako Tomie kwa niaba ya wote, maana wenzangu wakishika kalamu wanalia. Mimi nalia pia, ila naandika hivyo hivyo.

Tunakukumbuka ukitoka nyumbani mifuko ya koti imetuna machenza. Yalikuwa ya wanafunzi wako wa mwaka wa kwanza chuoni, wale wa fasihi na historia wanaolazimika kusoma kompyuta, mabingwa wa simu lakini mbele ya kibodi hawajui pa kuanzia. Aliyegundua kosa lake mwenyewe alipata chenza. Mumeo Yasunori akinung'unika kwamba nyumbani hayabaki hata ya kuonja, nawe unamjibu, "Nyamaza, bwana, wewe mwenyewe nilikupata kwa chenza moja tu."

Ulilijua balaa la kibodi zetu. Mtu akisahau kutoka kwenye herufi zetu za Kijapani kwenda za Kizungu, nafasi tupu anayobonyeza inatoka pana kidogo kuliko ile kompyuta inayoitaka. Jicho halioni kitu. Kompyuta inaona, na programu nzima inagoma. Mtoto wa watu anaikodolea macho skrini siku nzima, kila kitu anakiona sawa, mwisho anajihesabu mjinga na darasani haji tena. Kuuliza hathubutu, atanyooshaje mkono mbele ya watu wote?

Basi wewe ukawafanya wakosee makusudi, siku ya kwanza kabisa. "Haya, wanangu, tuharibu sote kwa pamoja! Bonyeza!"

Mashine zote zikagoma, darasa zima likaangua kicheko.

"Mwalimu, yangu imekufa!"

"Haijafa, imenuna tu. Mtazame jirani yako, na yake imenuna. Sasa nani atamcheka nani?"

Wiki tatu za mwanzo ulizimaliza hivyo, ukipita kati ya meza, ukiinama kwa kila mmoja bila haraka.

Mwanao Takuma alipoajiriwa idara yako ileile, tulijidai kweli. Kazini alikuita Mwalimu, nyumbani Mama, nawe ukimtania mbele ya watu, "Mwalimu mwenzangu, umekula?" Kisha akapewa jukumu la kuiboresha kozi ile. Akaona wiki zako tatu ni kupoteza muda. Akapendekeza video, kila mtu aangalie kwake, walimu nao wapumue.

Kutofautiana mawazo si dhambi, ungemwambia hivyo mwenyewe. Lakini mambo ya idara unajua yanavyoamuliwa. Mkutano ni wa kuitikia tu. Mazungumzo yenyewe yanafanyika kabla, mlango kwa mlango, juu ya vikombe vya chai. Takuma alibisha hodi milango yote ya ghorofa ile. Wako akaupita, na taa aliiona inawaka. Jana ametuambia aliogopa. Hakuogopa ungekataa. Aliogopa ungemuuliza swali moja naye akose jibu.

Kwa hiyo habari ukaipata mkutanoni, mbele ya wenzako. Vichwa vyote vikainama kukubali, na cha kwako kikainama. Mlipotoka nje ukamwambia, "Mwalimu mwenzangu, umekula?"

"Nimeshiba, Mwalimu," akajibu, akaenda zake.

Theluji ilipoanza, moyo wako ukasimama ghafla, na yeye alikuwa bado anatafuta siku nzuri ya kuja kuzungumza nawe. Siku nzuri! Ningekuwa karibu ningemburuta kwa sikio.

Aprili, mwaka wa masomo ulipofunguliwa, video zikaanza. Kabla ya likizo ya kiangazi, binti mmoja wa historia, Kaho, akafika ofisini kwake kuaga kozi. "Mwalimu, mimi sina kichwa cha mambo haya. Video nimeirudia mpaka nalijua koti lako lina vifungo vingapi."

Takuma akaitazama programu yake. Nafasi pana, mstari wa pili. Kosa lingine hakuna.

"Sasa mbona hukuuliza?"

"Ningemuuliza nani, Mwalimu? Video?"

Alipofika hapo, jana mezani, akaweka vijiti vya kulia chini. "Mama Mkubwa, swali lenyewe lilikuwa hilo. Mama angeniuliza hilohilo." Nilitaka kumzaba kibao, Sanae. Nikaishia kumwongezea wali, na hakuugusa.

Takuma alimrudisha Kaho kwenye kozi, akakaa naye mpaka mashine ikakubali. Lakini kuna wengine walioacha bila kuaga, na hao hajui awatafutie wapi. Anawaza juu yao kila siku, anasema, na anawaza juu ya taa ile.

Majuzi ameanza tena kuzunguka ghorofa, kuomba wiki zako tatu zirudi. Safari hii ameanza na mlango wako. Siku hizi ni stoo ya printa mbovu. Akasimama, akabisha. "Hodi, Mama." Akangoja kama mtu anayetarajia kukaribishwa.

Mzee Kuwabara wa mlango wa pili akachungulia. "Hirooka, humo hamna mtu."

"Najua, Mwalimu. Ni hapa nilipopaswa kuanzia."

Mzee akaufungua mlango wake. "Basi njoo kwangu. Chai ipo."

Wamekubali. Somo lako linarudi Aprili, na atakayepita kati ya meza ni Takuma, mifuko imejaa. Wenzake wanampongeza, naye pongezi zinamchoma, kwa sababu angeweza kuyapata yote haya kwa kubisha hodi mara moja ukiwa ndani.

Tunaokukumbuka ni mumeo Yasunori, ambaye chenza la kwanza la msimu bado anakumenyea. Binti yako Chinatsu na mumewe. Dada yako Tomie. Na mwanao Takuma. Kwetu hutasahaulika, Sanae, maadamu tunapumua. Takuma ameomba nimalizie kwa jibu alilopaswa kukupa siku ile mlipotoka mkutanoni, ulipomuuliza kama amekula.

"Hapana, Mama. Sijala."