Nilimzulia Kifo Paka wa Kulea, Nikaletewa Pole

Shangazi Shamila, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifungia kwenye chumba cha kushonea, maana humu ndani nina marehemu anayekula dagaa, na huko nje wapo watu wanaomsikitikia, na usiponisaidia haraka nitaumbuka mji mzima, na tafadhali jina langu usilitaje.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kanyenye, nashona sare za shule na magauni, nina miaka arobaini na saba, mume wangu Lukumani ni seremala na karakana yake iko uani kwetu, na binti yetu wa mwisho, Zuena, aliondoka mwanzo wa mwaka kwenda chuo Dodoma, nyumba ikawa kimya mpaka nikawa nasikia saa ya ukutani inavyotembea. Sasa pembeni mwa mji kuna kituo kidogo kinachookota wanyama waliotupwa, kinaendeshwa na Daktari Veneranda, mama aliyestaafu uganga wa mifugo, na kwa kuwa watoto wa paka wasio na mama hawawezi kukaa kizimbani na wakubwa, huwa anawagawa kwa watu wa mjini, sisi tunaitwa walezi wa muda, unawanyonyesha maziwa yao maalumu kwa bomba la sindano, unawafundisha kutumia beseni la mchanga, unawazoesha watu, unawapima kila wiki na kujaza kadi kama ya kliniki, na wakifika kilo moja na kupata chanjo unawarudisha wapewe wenyewe wa kudumu. Lukumani ana pumu, lakini aliponiona nilivyonyong'onyea akakubali, akasema, "Mama Zuena, wiki nane nitavumilia, ya tisa usiniombe."

Nikapewa watatu, wamefumbua macho juzijuzi, mama yao kagongwa na gari, na Julieth, binti anayesaidia pale kituoni, akanionya nisiwape majina kwa sababu majina ndiyo yanayoleta shida, nikamwambia sina mpango huo, na kabla bajaji haijafika Kanyenye tayari nilikuwa na Zipu, Uzi na Kifungo. Shangazi, niliwalea. Niliwanyonyesha kila baada ya saa tatu, sare za watu zikachelewa, na siku zao zilipofika nikawarudisha Zipu na Uzi, nikalia pale getini mpaka Julieth akaniletea kiti. Kifungo alikuwa bado, gramu mia nane tu, nikaambiwa nikae naye wiki mbili zaidi ajazie.

Alijazia. Mimi ndiye niliyeandika kwamba hajajazia.

Wiki ya kwanza nilipunguza gramu hamsini tu, nikasema nitasahihisha. Wiki iliyofuata nikaandika mia nane na ishirini, na yeye anaburuta kitambaa cha mita nne kutoka mezani. Ikawa hivyo miezi mitatu: Julieth akiniomba picha kwenye simu, namtumia picha za zamani nilizompiga akiwa mdogo, na akiniambia nimlete kwa chanjo nasema ana mafua, acha apone kwanza, na Lukumani akianza kubanwa kifua namwambia ni vumbi la mninga huko karakana, avae kitambaa puani, na maskini akawa anavaa.

Tatizo ni kwamba Kifungo alikuwa ameshaahidiwa Mzee Majidi. Huyu ni mzee wetu wa mtaani, alistaafu reli, mkewe alifariki mwaka jana, na Daktari alimruhusu awe anakuja kwangu kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri ili wazoeane, basi anakaa kwenye kiti cha wateja, Kifungo anamlalia mapajani, na yeye anamsimulia habari za mabehewa na mainjini kama anaongea na fundi mwenzake. Alhamisi moja akaja na kikapu kipya, akamnyanyua, akacheka, "Mwanangu, mbona huyu ni dume zima? Wanasubiri aote ndevu?" Nikamwambia bado karatasi moja tu, arudi wiki ijayo. Na wiki hiyo ilipofika, Shangazi, nilipomwona anavuka barabara na kikapu chake nikamkamata Kifungo nikamtia kwenye kabati la vitambaa, na mzee alipobisha hodi mdomo wangu ukasema wenyewe, "Mzee wangu, Kifungo amefariki."

Akauliza, "Lini?"

"Juzi."

"Mmemzika?"

"Hapo nyuma, kwenye mpapai."

Akavua kofia. Sikutegemea avue kofia. Kesho yake akarudi na chupa ya asali kunipa pole, akaketi, akasema kazi ya kulea kiumbe akakufia mikononi si ndogo, nisijilaumu, na wakati anasema hivyo Kifungo akalia kabatini, sauti nene kabisa, nami nikakanyaga cherehani kwa nguvu zote, haina uzi wala kitambaa, nashona hewa, na mzee wa watu akanitazama kwa huruma akasema, "Shona mwanangu, kazi inasahaulisha." Nikashona hewa mpaka akaondoka.

Ningekuwa na akili ningesimama hapo, lakini Mzee Majidi alimpa taarifa Daktari Veneranda, na Daktari akanipigia simu, hakunigombeza, akauliza taratibu, "Alitapika? Aliharisha?" na mimi nikidhani ndipo kitaonekana ni kifo cha kweli nikajibu alitapika sana na kuharisha, siku mbili tu akaenda. Sikujua kwamba kuna ugonjwa wa namna hiyo unaofagia watoto wa paka wote mahali ulipo. Akafunga kituo siku ileile, wiki mbili hapokelewi mnyama, vizimba vinaoshwa kwa dawa, walezi wote wamekatazwa kutoka na paka wao. Siku ya tatu watu wakaleta watoto wanne waliokutwa kwenye gunia karibu na stesheni, kituo hakingeweza kuwapokea, Julieth akawaweka kwenye boksi barazani kwa jirani, na wawili wamekufa. Julieth mwenyewe ndiye aliyeniambia, alikuja kunipa pole na akaishia yeye kulia, na mimi nikambembeleza.

Ndipo nilipo. Nimefikiria nimpeleke Kifungo kwa siri kwa dada yangu Nzega, au nimwambie Mzee Majidi nimeokota mwingine aliyefanana naye, maana paka wa manjano wako wengi, au ninyamaze tu, wiki mbili zitaisha na kituo kitafunguliwa chenyewe. Ipi haina aibu sana? Mimi si mtu mbaya Shangazi, nimempenda tu.

Mwenye Marehemu Kabatini, Tabora

SHANGAZI SHAMILA ANAJIBU

Marahaba.

Jina lako nimelificha, na ya wengine wote nimeyabadili, hata la paka. Lakini umeniachia mtaa, cherehani, mume seremala na paka wa manjano, kwa hiyo usishangae wateja wakianza kuleta vitambaa ambavyo havihitaji kushonwa.

Katika ukurasa huu nimepokea waume waliofufuka na wachumba waliofufuka. Paka ni wa kwanza. Na wale wanaume angalau walijizushia vifo wenyewe. Wewe umemzushia mwenzio asiyeweza kujitetea, ukamfungia kabatini, kisha ukapokea asali ya msiba wake. Umeshaionja? Usinijibu.

Unasema umempenda tu. Nakuamini. Mtu asiyependa haamki kila baada ya saa tatu na bomba la sindano. Nyumba iliyoondokewa na mtoto naijua, na kimya chake nakijua. Lakini hebu tumtazame huyo unayempenda. Hana chanjo, kwa sababu chanjo ingekuumbua. Anaishi gizani katikati ya vitambaa kila mgeni anapobisha hodi. Angekuwa mtu unayemchukia, ungemfanyia tofauti gani, ungetumia kabati lingine?

Na ulikubali kazi ambayo mwisho wake ulielezwa mwanzoni. Mlezi wa muda analea ili mwingine apokee. Ukilia getini, umefanya kazi vizuri. Lia, vuta kiti, kisha nenda nyumbani ukaoshe beseni la mchanga, kuna wengine wanangoja nafasi. Wewe mara ya pili hata getini hukufika, ukabaki na mzigo. Huko ni kuiba, hata kama uliyemwibia alikuwa mzee mpole mwenye kikapu.

Sasa tuje kwenye mawazo yako matatu.

Nzega. Huko dada yako atauliza paka katoka wapi, na utamdanganya naye, uongo uenee mkoa mzima.

Paka aliyefanana. Mzee Majidi kakaa naye mapajani Alhamisi ngapi? Mtu aliyetumia maisha yake kutofautisha mlio wa injini moja na nyingine, wewe unataka umwambie huyu ni paka mwingine. Huyo paka mwenyewe atakuumbua kabla hujamaliza sentensi.

Kunyamaza. Hili ndilo lililonifanya niweke chai chini. Siku zako za kunyamaza zinahesabiwa kwa boksi lililo barazani. Wawili wamekwisha kufa. Waliobaki wawili hawahusiki na aibu yako, na hata sijui kama watakuwa hai utakaposoma haya. Kwa hiyo sikungoja gazeti, nimekupigia simu kwa namba uliyoacha, na hapa narudia nilichokuambia, kwa sababu nilikusikia ukisema "ndiyo Shangazi" kwa sauti ileile uliyotumia kumwambia Julieth kwamba paka ana mafua.

Anza na Daktari Veneranda, si Mzee Majidi. Aibu yako mbele ya mzee inaweza kungoja saa mbili, kituo hakiwezi. Piga simu asubuhi, useme: "Nilidanganya. Kifungo yuko hai. Hapakuwa na ugonjwa." Ukimaliza, nyamaza. Usiweke "lakini" wala "ujue Daktari mimi". Akikugombeza, sikiliza mpaka mwisho. Akikwambia umlete paka, mlete saa hiyohiyo, hata kama una sare nane mezani.

Kisha mumeo. Mwanamume kakuvumilia kwa kifua chake, na wewe ukamvisha kitambaa puani awe anajilinda na mbao zake mwenyewe! Mwambie kilichokuwa kinambana, omba msamaha, umpeleke hospitali akapimwe kifua, halafu fua mapazia, mashuka na kila kilichomo kabatini. Ndiyo, vitambaa vya wateja pia. Wanastahili kujua gauni la harusi lilikuwa godoro la nani.

Kwa Mzee Majidi nenda na Daktari, na paka mkononi, mchana kweupe. Kama asali imebaki, irudishe. Kama imekwisha, sema imekwisha. Usijaribu kulia kabla yake. Yeye ndiye aliyevua kofia. Na kama atasema hamtaki tena Kifungo, au hataki kukuona, basi hiyo ni haki yake, na paka atarudi kituoni kutafutiwa mwingine. Kwako harudi, kwa sababu ya mapafu ya Lukumani, hata kama dunia nzima itakusamehe.

Na Julieth. Ulimbembeleza binti wa watu kwa msiba ulioutengeneza wewe. Huyo mwombe radhi peke yake, usimchanganye na wengine.

Baadaye, usiombe paka mwingine wa kulea. Omba brashi. Kaoshe vizimba Jumamosi mpaka Daktari mwenyewe atakapokuita ndani. Inaweza kuchukua mwaka. Na kwa ukimya wa nyumba, Zuena ana simu; mpigie, muulize anakula nini huko Dodoma, akuambie uongo kidogo kama watoto wote wa chuo, nawe umsikilize.

Shangazi Shamila

Baada ya siku nne, ukurasa ukiwa bado haujachapwa, mwandishi wa barua alinitumia ujumbe huu. Nauweka ulivyo.

Shangazi, nilimpigia Daktari kabla sijanywa chai. Akasema neno moja tu, "Mlete." Kifungo kachanjwa. Kilo mbili na gramu mia tatu, Julieth kaandika kwenye kadi bila kunitazama, nilipomwomba radhi akasema amesikia, akaendelea kuandika. Kituo kimefunguliwa mchana uleule na wale wawili wa kwenye boksi wameingizwa ndani, mmoja bado ni dhaifu. Lukumani hajaniambia neno tangu juzi ila analala bila kukohoa. Kwa Mzee Majidi tulikwenda na Daktari. Nilisema ulivyoniagiza, nikanyamaza. Mzee hakukasirika, ningependa angekasirika. Alimwangalia Kifungo akinusa miguu ya kitanda, kisha akauliza, "Siku hizi anakula mara ngapi kwa siku?"

Nikafungua mdomo kumjibu.

Akainua mkono. "Wewe hapana," akasema. "Namuuliza Daktari."