Marahaba Niliyomnyima Mteule

Jumatatu, 9 Februari

Nimechambua choroko tangu asubuhi. Redio dirishani. Saa nne wakasoma taarifa ya uteuzi. Majina mawili sikuyajua. La tatu nililijua. Katibu Mkuu, Wizara ya Ulinzi. Ataapishwa Jumatano ya wiki ijayo.

Jina lake sitaliandika humu. Nitamwita Mteule.

Ungo uliniponyoka. Mama Kulwa, binti yangu, ninayeishi kwake hapa Ibadakuli, akaja kuuliza kuna nini. Nikasema mkono umeteleza. Uongo. Tuliziokota choroko pamoja, punje kwa punje.

Jumanne, 10 Februari

Mtaa mzima unashangilia. Kinyozi amebandika picha yake juu ya kioo. Mtoto wa Kanda ya Ziwa kapewa ulinzi wa nchi, wanasema. Hakuna hata mmoja anayeuliza amewahi kulinda nini.

Mimi najua. Alikuwa mkuu wetu wa wilaya, na mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama, wakati mgodi ulipoitaka Lwabasimba, kijiji chetu kule upande wa Geita. Miaka kumi na tisa sasa. Alisimama juu ya gari na kipaza sauti. Nyumba zitabomolewa, alisema, lakini makaburi yatahamishwa kwa heshima zote, na atasimamia yeye mwenyewe. Tukapiga makofi. Siku ya tatu askari walikuja na greda. Tulitoka na magodoro na kuku. Makaburi yakabaki ndani ya uzio. Mariana, mke wangu, yumo humo. Alikuwa na miezi saba tu ardhini.

Nilikuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Najua tofauti ya tuhuma na ushahidi. Nilikuwepo. Nilipiga makofi. Makofi yale bado yananiuma viganjani.

Alhamisi, 12 Februari

Amekuja Maganga, mwenyekiti wa wazee wa kata. Mteule anatua uwanja wetu wa ndege Jumamosi, wazee wambariki kabla hajala kiapo. Atapewa mkuki, ngao na kigoda. Wanataka risala, na mwandiko wangu ndio unaosomeka. Nikakubali upesi hata Maganga akashangaa. Amezoea kunibembeleza.

Yeye si mtu wa Lwabasimba. Kwake mgodi ni neema, ni taa za barabarani.

Risala ina desturi yake. Pongezi, kisha mafanikio, kisha changamoto, mwisho maombi. Na mgeni rasmi hujibu maombi palepale, mbele ya watu, moja baada ya jingine. Hapo hawezi kukwepa. Sitaki kingine. Aulizwe na ajibu kabla hajashika kitabu na kuapa. Nina miaka sabini na nane. Nikifa, nani atajua Mariana alipo?

Ijumaa, 13 Februari

Risala tayari. Kurasa mbili. Ombi la kwanza barabara, la pili maji, la tatu daktari. La nne makaburi.

Pongezi zilinichukua muda mrefu kuliko yote. Kuandika "mchapakazi" na "mlinzi wa wanyonge" kwa mkono wangu mwenyewe! Nimezitapika, sikuziandika.

Maganga alisoma ukurasa wa kwanza, akatikisa kichwa kwa raha, akagonga muhuri kwenye wa pili.

Mama Kulwa yeye kaisoma yote. Mumewe ameajiriwa halmashauri. Ameniuliza kama nataka tufukuzwe mara ya pili. Nikaikunja risala, nikaitia mfukoni. Chakula cha jioni ametuma kiletwe chumbani kwangu. Michembe ya viazi imepoa.

Jumamosi, 14 Februari

Ndege ilitua saa tano. Maturubai, ngoma, vumbi. Mteule amenenepa, nywele amezipaka rangi. Tabasamu ni lilelile.

Alipewa mkuki. Akakalia kigoda. Nikasimama na karatasi zangu, koo nimeshalisafisha. Mshereheshaji akatangaza kwamba muda umebana, risala isisomwe, ikabidhiwe tu.

Siku nzima ya kuandika, na mtego wangu umeteguliwa na mtu mwenye saa mkononi.

Nikaenda mbele. Mteule akainuka, akainama kidogo, kipaza sauti mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu."

Sikuitikia. Sikuwa nimepanga. Mdomo ulikataa.

"Shikamoo, mzee!" Kwa sauti ya juu zaidi.

Risala nikaishika kifuani.

"Mheshimiwa, huyo masikio yameshastaafu," mshereheshaji akasema. Watu wakacheka. Mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Guku, babu yetu, itikia basi! Mtoto wa watu atainama mpaka apate kibiongo!" Wakacheka zaidi.

Nikasema, "Nasikia vizuri. Makaburi ya Lwabasimba ulisema utayahamisha. Umeyahamishia wapi? Nionyeshe, nami nitaitikia."

Kipaza sauti kilikuwa kati yetu. Kilichukua kila neno mpaka kwenye uzio wa uwanja. Kicheko kikakatika. Alilikumbuka jina la kijiji. Niliyaona macho yake yakilikumbuka. Kisha tabasamu likarudi.

"Mzee wetu, tumelipokea. Tutalifanyia kazi."

Ngoma zikapigwa. Msaidizi wake aliipokea risala, akaiweka kitini, akaikalia.

Aliikalia. Naiandika ili kesho nisije nikadhani niliota.

Na huyu ndiye ataapa kulinda ardhi ya nchi! Kijiji kimoja alikabidhiwa akilinde, na wafu wake, wasioweza hata kukimbia. Akawazungushia waya.

Jumapili, 15 Februari

Maganga amekuja baada ya misa, hakukaa. Nimewaaibisha wazee wote, anasema. Tangu azaliwe hajaona mtu mzima akinyima marahaba. Hata mwizi ukimkamata akikuamkia, unaitikia kwanza ndipo unamfunga kamba. Ana haki. Nimelelewa hivyo mimi pia. Marahaba ni radhi, na radhi sikuwa nayo.

Mama Kulwa hajanisalimu tangu jana.

Alasiri wamekuja wengine. Kwanza yule mama aliyenitania uwanjani. Anauza nyanya sokoni. Sikujua kuwa ni mtu wa Lwabasimba. Alikuwa binti mdogo wakati ule. Amesimama mlangoni akasema baba yake pia yumo ndani ya uzio, na jana alicheka kwa sababu alikuwa hajajua nitasema nini. Ameniomba nimwandike. Nikachukua daftari. Hajaondoka, wamefika wazee wawili na fimbo zao. Kufikia magharibi nina majina kumi na moja. Kila jina na alipolazwa, karibu na zizi la nani, nyuma ya nyumba ya nani.

Sikumtafuta hata mmoja. Wamekuja wenyewe.

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Nimepakwa majivu misa ya asubuhi. Njiani kurudi, redio ya kinyozi ilikuwa wazi mlangoni. Sauti ya Mteule inakula kiapo. Haikutetereka popote. Sikusimama kusikiliza mpaka mwisho. Jibu langu sikulipata, na sasa ameapa.

Nyumbani Mama Kulwa alikuwa uani na ungo wa choroko. Akainua uso. Naye ana majivu. Bila shaka alikuwa kanisani, viti vya nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Ilitoka yenyewe.

Nikaketi mkekani. Tukachambua. Baada ya muda ameuliza mama yake alilazwa upande gani. Alikuwa na miaka tisa, anakumbuka watu wakilia tu, mahali hapakumbuki. Amefuta mikono kwenye kanga, akaenda kuleta daftari na kalamu, akasema ataandika yeye.

Nimemtajia. Kutoka mlango wa jikoni, hatua kumi na nne, upande wa machweo, kabla ya ua wa minyaa. Kichwa kimeelekea kisimani.

Jiko halipo. Ua haupo. Hatua ninazo.